Printa Mpya Ofisini: Mgeni Siku Mbili, Siku ya Tatu Mpe Jembe

Siku hizi printa ya leza si kitu cha mjini tu. Waikuta katika ofisi ya shule, katika zahanati, katika chama cha ushirika, katika ofisi ya parokia, na hata dukani kwa mtu achapaye barua za wanakijiji kwa malipo. Mara nyingi mashine hiyo imenunuliwa kwa fedha za wengi: michango ya wazazi, mapato ya mavuno, au msaada wa wafadhili. Kwa hiyo ikisumbua, hasumbuki karani peke yake. Kijiji kizima chalipa.

Na kusumbua husumbua. Fundi huileta, huifunga, huchapa karatasi moja ya majaribio, kisha hupanda bodaboda akaenda zake. Kesho yake mambo yaanza. Mashine yakataa kuchapa, na kumbe droo imejaa karatasi. Yachapa pande mbili za karatasi wakati karani alitaka upande mmoja. Yalala usingizi kila baada ya dakika chache. Yadai iletewe wino mpya, na maandishi yake bado meusi kama masizi. Hapo watu huanza kusema, “Tumeuziwa kitu kibovu.” Wengine hukaa kimya wakaivumilia miaka mitatu, wakidhani ndivyo ilivyo.

Ndugu msomaji, mara nyingi mashine hiyo si mbovu hata kidogo. Ni mgeni aliyekuja na desturi za kwao. Kila printa hutoka kiwandani ikiwa imekwisha kuamuliwa mambo mengi: karatasi ya kipimo gani, upande mmoja au pande mbili, ilale baada ya dakika ngapi, ifanye nini wino unapopungua. Maamuzi hayo huitwa mipangilio ya kiwandani. Aliyeyaamua hakuijua ofisi yako. Alikisia tu. Basi makisio yake si amri, na mwenye nyumba ana ruhusa ya kuyabadilisha. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo twaeleza namna ya kumpa jembe mgeni huyu.

MASHINE HII ILIKOTOKA

Asili yake ni ugunduzi wa Chester Carlson, Mmarekani, ambaye tarehe 22 Oktoba 1938 huko New York alifaulu kunakili maandishi kwa nguvu ya umeme na unga mkavu. Mwaka 1969 mhandisi Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox alifikiri kutumia mwanga wa leza kuchora maandishi ndani ya mashine ya namna hiyo. Wakubwa wake hawakulipenda wazo hilo, na mwaka 1971 akahamia kituo cha utafiti cha kampuni hiyo huko Palo Alto, California, ambako alilikamilisha.

Mashine za kwanza kuuzwa zilikuwa kubwa mno, za ofisi kubwa tu, kama IBM 3800 ya mwaka 1976 na Xerox 9700 ya mwaka 1977. Mwaka 1984 ilitoka HP LaserJet, iliyoweza kukaa juu ya meza, kwa bei ya dola 3,495. Mwaka 1985 ikafuata LaserWriter ya kampuni ya Apple, kwa dola 6,995. Sasa sikiliza ajabu ya hii ya pili: kila ilipowashwa, ilichapa yenyewe ukurasa wa kujaribia, hata kama hakuna aliyeuomba. Ukiiwasha kila asubuhi, kila asubuhi karatasi moja yapotea. Wenye mashine walilazimika kutafuta namna ya kuinyamazisha. Kumbe basi, desturi za kiwandani zenye kuudhi zina umri ule ule wa printa yenyewe.

Tukumbuke pia namna ifanyavyo kazi, maana itatusaidia mbele. Ndani mna gurudumu refu lenye kushika umeme. Mwanga wa leza huandika juu yake kwa nukta ndogo sana. Wino wake si wa maji. Ni unga laini wenye plastiki ndani yake, na mafundi huuita tona. Unga huo hushika pale leza ilipopita, ukahamia juu ya karatasi, kisha karatasi hupita katikati ya mitambo yenye joto la karibu nyuzi 200 za Sentigredi, na unga ukayeyuka na kugandamana na karatasi. Ndiyo maana karatasi hutoka ikiwa ya moto kama chapati.

DESTURI YA KWANZA: KARATASI YA UGENINI

Hii ndiyo inayowasumbua watu wengi kuliko zote. Katika nchi zetu, na karibu duniani pote, ofisi hutumia karatasi iitwayo A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Kipimo hicho kiliwekwa Ujerumani mwaka 1922 kwa kazi ya Walter Porstmann, na mwaka 1975 kikawa kanuni ya kimataifa. Kina hekima yake: kata A3 katikati upate A4 mbili, kata A4 katikati upate A5 mbili, na umbo halibadiliki. Mtoto aweza kulijaribu hilo nyumbani kwa kukunja karatasi.

Lakini Marekani na Kanada hawatumii A4. Wao wana karatasi yao iitwayo Letter, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa milimita 279. Yaani ni pana kuliko yetu kwa milimita 6, na fupi kwa milimita 18. Programu nyingi za kompyuta huwekwa kwa Kiingereza cha Marekani, na nchi iliyoandikwa humo ni Marekani. Basi kompyuta hudhani mwenyeji wake ni Mmarekani, ikaiagiza printa: “Chapa juu ya Letter.” Printa yatazama ndani ya droo, yaona A4, yasimama. Taa yawaka, na kioo chake kidogo chadai karatasi ya Letter.

Watu wa ugenini nao walihangaika. Printa za HP za zamani zilikuwa zikionyesha maneno “PC LOAD LETTER”, na watu wengi hawakuelewa. Wengine walidhani PC ni kompyuta, wengine walidhani mashine yataka kuletewa barua, maana neno hilo la Kiingereza ni la barua pia. Kumbe PC hapo ilikuwa kaseti ya karatasi, na maana yote ilikuwa: weka karatasi za Letter. Mwaka 1999 filamu ya Marekani iitwayo Office Space iliwachekesha wengi kwa maneno hayo hayo.

Kwetu si kichekesho tu. Kuna hasara nyingine isiyopiga kelele. Tuseme mtihani wa darasa la sita umetungwa ukaenea barabara katika ukurasa mmoja wa A4. Siku ya kuchapa, kompyuta yapanga upya maneno yale kwa kipimo cha Letter. Ukurasa umekuwa mfupi.

“Mama, mbona mtihani huu una karatasi mbili? Niliutunga ukaenea katika moja,” auliza mwalimu mkuu.

“Mwalimu, sikugusa kitu,” ajibu karani. “Ni mistari miwili tu ya chini iliyorukia ukurasa wa pili.”

Mistari miwili tu! Lakini wanafunzi wakiwa 120, na masomo 5, kila mtihani ukimwaga mistari miwili, ni karatasi 600 za ziada. Rimu moja ina karatasi 500. Hapo rimu nzima imekwenda, na karatasi 100 juu yake, kwa ajili ya neno moja lililoandikwa mahali pasipo pake. Mzazi aliyeuza kuku ili alipe mchango wa mitihani, fedha yake imechapa karatasi tupu.

Dawa yake: badilisha Letter iwe A4. Lakini usiridhike kubadilisha mahali pamoja tu. Tutalieleza jambo hilo punde.

DESTURI YA PILI: PANDE MBILI

Printa nyingine huja zimepangwa kuchapa mbele na nyuma. Nia ni njema, maana huokoa karatasi. Kwa kumbukumbu za kikao au taarifa ndefu, iache hivyo. Lakini kwa stakabadhi, cheti, au karatasi ya majibu ambayo mtoto ataandika nyuma yake, ni taabu. Ofisi na ipatane kwanza: kazi zipi ni nyingi kwetu, za upande mmoja au za pande mbili? Zilizo nyingi ziwe ndiyo kawaida ya mashine, na zilizo chache karani azichague kwa mkono kila zinapotokea.

Pia pande mbili zenyewe ni za namna mbili. Iko ya kufunua kama kitabu, ambapo karatasi hugeuzwa kwa ubavu wake mrefu. Iko ya kufunua kama kalenda ya ukutani, ambapo hugeuzwa kwa ubavu mfupi. Ukiona ukurasa wa nyuma umesimama kichwa chini miguu juu, usiilaumu mashine. Imechaguliwa ile ya kalenda. Rudisha ile ya kitabu.

DESTURI YA TATU: USINGIZI

Tumesema kwamba ndani ya printa mna joto kali. Kuliweka joto hilo tayari muda wote kwala umeme mwingi. Ndiyo sababu watengenezaji, hasa tangu mpango wa kuokoa umeme wa Energy Star ulipoanzishwa Marekani mwaka 1992, huipanga mashine ilale isipokuwa na kazi. Nyingine hulala baada ya dakika moja tu. Basi katika ofisi yenye watu wanaoingia na kutoka, kila mmoja huisubiri ipate joto upya.

Usiondoe usingizi kabisa, maana utaulipia katika bili ya umeme. Refusha tu. Dakika 10 au 15 zatosha ofisi nyingi. Palipo na umeme wa jua, yafaa kujua zaidi: printa ya leza inapopata joto huvuta mamia ya wati kwa mara moja. Mtambo mdogo wa jua utazimika, na ile betri ndogo ya kulinda kompyuta haikufanywa kubeba mzigo huo. Katika ofisi ya namna hiyo, usingizi wa haraka ni rafiki, si adui.

DESTURI YA NNE: KULILIA WINO

Siku moja kioo chaandika kwamba tona imekwisha, na mashine yagoma. Karani atazama karatasi ya mwisho: maandishi ni meusi safi. Je, mashine yasema uongo? Siyo uongo hasa. Ni makisio tena. Printa nyingi hazipimi unga kwa mizani. Huhesabu kurasa na nukta zilizochapwa, zikakisia kilichobaki. Ule wingi wa kurasa ulioandikwa juu ya kasha hukadiriwa kwa ukurasa ambao wino wafunika kama sehemu 5 tu katika 100. Barua fupi hutumia chini ya hapo. Picha na majedwali hutumia zaidi. Tena, printa nyingi mpya huja na tona ya kuanzia, iliyojazwa unga kidogo kuliko ile utakayonunua dukani. Usishangae ya kwanza ikiisha upesi.

Katika printa nyingi mna mahali pa kuchagua mashine ifanye nini tona ikipungua sana: isimame, iulize, au iendelee. Chagua iendelee, kisha amini macho yako mwenyewe. Maandishi yakianza kufifia, toa tona, itikise polepole kushoto na kulia, irudishe. Mara nyingi yatoa kurasa kadhaa zaidi. Unga ukimwagika mkononi au nguoni, pangusa kwa kitambaa kikavu na uoshe kwa maji baridi, maana maji ya moto huugandisha.

Jambo moja la kuangalia: iko pia mipangilio ya kubana tona, ambayo huchapa maandishi hafifu. Kwa rasimu yafaa. Kwa mtihani wa watoto haifai. Mtoto aketiye mwisho wa darasa lenye madirisha madogo asikose swali kwa sababu ofisi imebana unga.

DESTURI YA TANO: MASWALI YA KILA MARA

Printa nyingine, kila ukifunga droo ya karatasi, huuliza: karatasi hii ni ya kipimo gani? Ni nene au nyembamba? Nayo haichapi mpaka ujibu. Kama ofisi hutumia A4 ya kawaida siku zote, mpangie droo A4 ya kawaida, kisha zima swali hilo. Kadhalika ziko zenye mlango mdogo wa mbele wa kulishia karatasi moja moja; kitu chochote kikibaki pale, hata bahasha, mashine hukichapa hicho kwanza. Yafaa kuiambia itumie droo kubwa kwanza.

MAHALI PATATU

Sasa twafika penye siri yenyewe, mahali wengi wanapokwama. Mtu hubadilisha Letter kuwa A4 kwenye kioo cha printa, hufurahi, na kesho mashine yadai Letter tena. Hukata tamaa. Sababu ni kwamba amri hukaa mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni printa yenyewe, kwa vitufe vyake. Amri za hapo hufuatwa pale tu kazi inapokuja bila maagizo yake.

Mahali pa pili ni kompyuta, katika ile programu inayozungumza na printa, ambayo mafundi huiita draiva. Kila kazi hutoka hapo na maagizo yake, na maagizo hayo huishinda printa. Tena katika kompyuta za Windows pana vyumba viwili: kimoja ni cha mapendeleo ya mtumiaji aliyeingia wakati huo, kingine, kilicho ndani zaidi katika sifa za printa, ni cha watu wote. Ukibadilisha cha kwanza tu, mwalimu mwingine akiingia kwa jina lake atakuta Letter ile ile. Kompyuta hizo zina tabia nyingine pia: tangu Windows 10 ya mwaka 2015, zaweza kuchagua zenyewe printa iliyotumika mwisho kuwa ndiyo ya kawaida. Katika ofisi yenye printa mbili, kazi huenda chumba kingine. Zima chaguo hilo, kisha taja mwenyewe printa uitakayo.

Mahali pa tatu ni waraka wenyewe. Barua iliyoandikwa kwa Letter hubaki na Letter ndani yake hata ukibadilisha kila kitu kingine. Kwa hiyo fungua zile barua na mitihani mnayoitumia kama kiolezo kila mwaka, uzitazame kipimo chake cha ukurasa, uzibadilishe, uzihifadhi.

Printa nyingi na programu nyingi za kuandikia zina pia ruhusa ya kuigeuza Letter kuwa A4 bila kuuliza. Iwashe hiyo. Ni kama ufunguo wa akiba, kwa ajili ya waraka utakaoletwa na mgeni.

NAMNA YA KUANZA

Kwanza, kabla hujagusa kitu, chapa ule ukurasa wa taarifa ambao printa hujieleza mipangilio yake yote. Uandike tarehe, uutunze. Pili, badilisha jambo moja tu kwa wakati, kisha chapa karatasi moja uone. Ukibadilisha matano kwa mara moja na mashine ikaharibika tabia, hutajua ni lipi lililoleta shida. Tatu, andika kila badiliko katika daftari: tarehe, lilivyokuwa, lilivyo sasa, na aliyelifanya. Daftari hilo likae karibu na mashine, wala si nyumbani kwa mtu.

Daftari ni la lazima kwa sababu hii: siku fundi atakapoweka programu upya, au kompyuta mpya itakapoletwa, desturi nyingi za kiwandani zaweza kurudi. Asiye na daftari huanza safari upya. Mwenye daftari humaliza kwa robo saa. Na ukipotea kabisa, upo mlango wa kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Lakini ujue kwamba waweza kufuta pia lugha uliyochagua na njia ya kuunganishwa na kompyuta.

Nne, msimwachie mtu mmoja. Vijana wengi wanajua simu na kompyuta kuliko sisi, na ni vema kuwaita wasaidie. Lakini karani na mwalimu mmoja wakae karibu watazame, waulize, waandike. Kijana atakwenda sekondari au chuoni, na mashine itabaki.

Kazi yote tuliyoieleza haihitaji fedha, wala vyombo vya fundi. Yahitaji alasiri moja, karatasi chache za majaribio, na mtu asiyeogopa kuuliza “kwa nini?” Basi ofisi yenye printa mpya na ichague siku kabla ya majira ya mitihani, wakati haraka haijaingia. Na ianze na lile la kipimo cha karatasi, kwa maana hilo ndilo linalokula fedha za wazazi kimya kimya.